Maziwa ya Mama Mdogo

Asubuhi aliyojifungua dada yake ndiyo asubuhi aliyoondoka duniani. Mtoto alilia vizuri, wa kike, na mkunga akamdunga mama sindano ya oksitosini ili tumbo la uzazi likaze, damu isimame. Kwa wengi husimama. Yake haikusimama, hata walipoongeza dripu, hata daktari alipokuja mbio. Mdogo mtu alikuwa kwenye benchi la nje, amempakata mtoto, akingoja kuitwa ndani.

Hakuitwa.

Mtoto akawa wake. Kila mtu aliona ni jambo jepesi, maana mwanawe wa kiume alikuwa bado ananyonya. Lakini maziwa yaligoma. Mtoto alivuta weee, akaliachia titi, akalia mpaka sauti ikamkauka. Ya chupa aliyatema. Nepi zilianza kutoka kavu. Mama mdogo alizibonyeza kwa kidole, roho juu, akiomba akute japo unyevu.

"Nyonyo yangu hiyo!" mwanawe alilalamika, akimvuta gauni.

"Yako ina nini? Mwenzio mwenyewe haambulii kitu," bibi yake akamjibu, kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe usimlilie mtoto usoni. Jikaze."

Akajikaza. Alinyonyesha meno yameumana, uso wa mtoto ameufunika khanga, kwa sababu kile kipaji cha uso kilikuwa cha dada yake mtupu.

Kliniki, mzani ulionyesha mtoto amepungua.

"Mbona umemfunika?" mkunga aliuliza, alipomwona akimnyonyesha.

"Jua."

"Humu ndani?"

Mkunga akaisogeza khanga. "Sikiliza, mdogo wangu. Ile dawa tuliyomdunga dada yako, mwili wako unaitengeneza wenyewe. Ndiyo inayosukuma maziwa yatoke. Ukiwa na hofu, ukijibana hivyo, inazuilika."

"Ile ile iliyoshindwa kumwokoa dada?"

"Ile ile. Mtazame mtoto, mnuse. Kilio kikija, lia."

"Mama amenikataza."

"Mama nitaongea naye mimi."

"Nipo hapa, nakusikia," bibi akasema kutoka mlangoni.

"Afadhali, umenipunguzia safari."

Mama mdogo akamtazama mtoto. Machozi yakamtoka, ya kwikwi, na kwa muda mrefu hapakuwa na lolote zaidi ya machozi. Mtoto akakasirika, akaachia, akarudi tena. Ndipo kifua kikamchoma, kama sindano ndogo ndogo, na titi la pili likaanza kudondosha lenyewe, gauni likaloa. Mtoto akameza. Alisikika akimeza. Bibi akageukia ukutani.

Sasa uzito wa mtoto umerudi pale ulipokuwa alipozaliwa, haujapita hapo. Kesho kutwa wanampeleka kupimwa tena.