Milda wa Kwenye Mkebe wa Njegere

Kitendawili hiki, mwanangu: binti ana kichwa na shingo, kiwiliwili hana. Hali, hanywi, lakini nyumba nzima huhangaika asipotee. Aliondoka kwao bila miguu. Ni nani? Usinijibu haraka. Msikilize kwanza Austra.

Siku ya mwisho ya mwaka, mchana, Austra alikuwa ameinamia sufuria ya njegere za kijivu, miaka yake sabini na tisa yote imemkalia kiunoni. Kesho yuro zingeingia Latvia, pesa ya kuchangia na nchi za watu, na baada ya wiki mbili lati, pesa yao wenyewe, zisingepokelewa dukani. Hakuona ajabu. Alizaliwa akazikuta lati. Wakaja Warusi na rubli, wakaja Wajerumani na maki, rubli zikarudi, zikabadilishwa mara mbili, na akiba ya mama yake ikayeyuka kama theluji ya Aprili. Kisha rubli za Kilatvia, karatasi nyepesi, kisha lati tena. Kila mara mtu wa redioni aliwaambia wasiwe na wasiwasi.

Kaka yake Vilis aliingia akikung'uta theluji.

"Zimeiva, au tunafunga mwaka na njaa?"

"Kaa chini, mzee. Jino limebaki moja na bado lina haraka!"

Kiti cha Zenta, mke wa Vilis, kilikuwa kitupu kwa mwaka wa pili. Yeye ndiye aliyekuwa akiziosha njegere, akivua kwanza pete yake ya fedha na kumpa Austra amshikie, isije ikaponyoka majini.

Meza hiyo ilikuwa na swali lake. Zamani mama yao alificha sarafu ya fedha ya lati tano, yenye kichwa cha binti ambaye kila mtu alimwita Milda. Aliificha ndani ya mkebe wa njegere, maana enzi za Warusi haikufaa kuonekana nayo. Mwaka wa hamsini na tano mkebe ulimiminwa, Milda hayumo. Wiki hiyo Austra alikuwa amenunua viatu vyekundu.

"Umemvaa miguuni," mama alisema, na hadi anazikwa hakuyafuta maneno hayo.

Waliojua siri ya mkebe walikuwa watatu tu. Basi kila mwaka Austra alimuuliza kaka yake: Milda ulimpeleka wapi? Na kila mwaka Vilis aliomba chumvi.

Leo Austra alipakua njegere. Akampa gamba la samaki waliyemla Krismasi.

"Tia pochini, pesa isikukimbie."

"Ipi? Inayokufa au inayozaliwa?"

"Yoyote itakayokubali kukaa na wewe."

Vilis akala, akasubiri. Akaomba chumvi bila kuulizwa kitu. Austra akamsogezea.

"Mwaka huu huulizi?"

"Siulizi."

"Umesahau?"

"Nimechoka, Vilis. Miaka hamsini na minane nauliza. Mama hayupo, viatu vimeoza, hata lati zenyewe zinaondoka. Maliza njegere zako. Ukibakiza, mwaka mzima utalia."

Vilis akaweka kijiko chini. Akapapasa koti, akatoa kifuko cha yuro mpya, zilizouzwa posta mapema ili watu wazizoee, akakichana kwa lile jino lake, akaweka sarafu moja kando ya sahani ya dada yake. Kichwa na shingo, masuke begani.

"Wamemrudisha," Austra akasema polepole. Akampima kiganjani. Yule wa mama alikuwa mzito. "Lakini huyu siye."

"Siye." Vilis alikuwa akikitazama kile kiti kitupu. "Nilitaka kuoa, na pesa ya pete sikuwa nayo. Nilimpeleka kwa sonara, akamyeyusha. Ulikuwa ukimshika kila mwaka, mdogo wangu, Zenta akiosha njegere."