Alama za Verlene

Hobart Sizemore anasema siku ile alikufa kabisa, hakuzimia. Anasema aliondoka pale alipoanguka kando ya trekta lake, akavuka uwanja, akaingia jikoni kwa marehemu mama yake, akamkuta anageuza mkate wa mahindi kikaangoni. Mama akamwambia anawe mikono kwanza. Alikuwa ameshaishika sabuni, ndipo Verlene Stidham, mhudumu wa gari la wagonjwa, alipomkamata kifuani na kumrudisha kwenye majani, mbavu mbili zimevunjika, viatu vimelowa umande.

Hobart husimulia haya kila asubuhi kwenye kituo cha mafuta, pale wanaume ambao mgodi uliwaachisha kazi wanapokunywa kahawa. Akifika mwisho hufungua vifungo vya shati. Katikati ya kifua, kwenye mvi, pana alama ya kidole gumba, mistari yake imezungukana kama matuta ya shamba la mlimani.

"Mama yako alikuona unakuja mezani akakutimua," walimtania.

"Funga shati, mzee, watu wanakula."

"Chekeni tu. Hii ni ya Verlene. Mvua ikikaribia inapata joto."

Hakuna aliyebisha. Wengine tisa pale bondeni walikuwa na zao. Mtoto Brinley, aliyezaliwa ndani ya gari la wagonjwa karibu na daraja, kimya na rangi imemtoka, ana ya kidole kidogo mgongoni, chini kidogo ya bega. Mama yake humsugua hapo kama anavyomsugua kwingine. Kinyozi ana yake shingoni, na huwaonya wateja wasimwangalie sana kwenye kioo.

Verlene mwenyewe hakuwa na tabia ya kujitazama vidole. Alikuwa mhudumu pekee wa bonde lile mwenye leseni ya kuchoma sindano na kuushtua moyo kwa mashine, na bado nyumbani vyombo vilimngoja. Vidole vilipoanza kuteleza kwenye vikombe, alilaumu sabuni.

Mwezi wa tatu muda wa leseni yake ulikwisha. Hilo alilizoea. Kila baada ya miaka miwili kulikuwa na masomo ya kujikumbusha, mtihani na ada. Safari hii jimbo lilikuwa limeongeza alama za vidole, ili wahalifu wasije wakaachiwa wagonjwa. Verlene alilipa, akaendesha gari hadi mji mkuu, akakaa mbele ya karani aitwaye Bi. Pruitt, mama mpole aliyeweka bakuli la peremende mezani.

"Bonyeza hapo, dada."

Verlene alibonyeza. Kioo cha mashine kikabaki cheupe. Bi. Pruitt alikifuta, akampaka mafuta ya mikono, akambonyeza kidole kimoja kimoja yeye mwenyewe. Kisha akavigeuza vidole vile kwenye mwanga. Vilikuwa laini kama mayai.

"Alama zako umeziacha wapi?" aliuliza, kama mtu anavyoulizwa funguo.

Verlene alifikiri. "Kwa watu," akasema.

"Pole. Peremende chukua mbili. Ada hairudishwi."

Habari zilifika bondeni kabla yake. Wiki iliyofuata kikosi cha zimamoto kiliuza sahani za maharage na mkate wa mahindi, ikapatikana ada ya pili, na watu wakapanda basi la kanisa kwenda mji mkuu. Walipanga foleni mbele ya Bi. Pruitt, huyu kakunja mkono wa shati, yule kainamisha shingo. Bi. Pruitt aliwapitia wote kwa kioo cha kukuzia, bila haraka, na kwa Brinley alipasha mikono joto kwanza asimshtue.

"Ni za mtu mmoja," alisema. "Na ni nzuri, sijapata kuona. Lakini sheria inataka ziwe mkononi mwa mwombaji."

"Basi nikate kipande hiki cha kifua ukibandike humo kwenye faili," Hobart alisema.

"Hatupokei vipande, baba."

Walirudi wakiimba kidogo, halafu hawakuimba. Hobart alikaa kiti cha mbele karibu na Verlene.

"Usihuzunike, binti. Siku nikienda kweli, hii alama yako nitakuachia mlangoni."

"Nyamaza wewe mzee. Kwani unanidai nini?"

"Mbavu mbili."

Gari la wagonjwa likafungiwa kwenye banda la zimamoto, na funguo zake zikachukuliwa na jimbo. Mwenye shida alipiga simu, na gari likaja kutoka kaunti ya pili, kwa kuuzunguka mlima. Jumamosi Verlene alikwenda bandani kuliosha lile lililofungwa. Alifuta vioo kwa nje. Ndani aliiona mashine ya kushtua moyo, na taa yake ndogo ya kijani ikipepesa.

Mwisho wa mwezi wa tano watu walipanda makaburini, kama kila mwaka, kung'oa magugu, kuweka maua na kula pamoja. Meza zilipangwa katikati ya mawe. Hobart alikuwa akilifuta kaburi la mama yake. Alisimama, akanusa.

"Mkate unaungua," alisema, akaanguka.

Verlene alimfikia kabla kofia yake haijaacha kubingiria. Kukandamiza kifua anaruhusiwa mtu yeyote, na alikandamiza. Wanaume waliteremka bandani mbio, wakavunja kufuli la mlango, lakini gari lenyewe halikufunguka, na kioo chake kilikataa nyundo. Gari la kaunti ya pili lilikuwa bado upande wa pili wa mlima. Mikono ya Verlene iliteleza kwenye jasho la Hobart, haikushika kitu wala haikuacha kitu. Aliendelea. Halafu kwenye kidole gumba alihisi mistari inanyanyuka, mmoja baada ya mwingine, kama unga unaoumuka, naye akajua kabla ya wote. Alipoinua mkono, kifua cha Hobart kilikuwa na mvi tu.

Ocie, mkewe, alipiga magoti upande wa pili. Alikishika kidole kile, akakitazama kwa muda, akakibusu.

"Nenda nacho mji mkuu," alisema. "Asiwe ameondoka bure."

Baada ya mazishi Ocie alilipa ada ya tatu kwa mkono wake, na hakutaka kubishiwa. Walikwenda kwa gari lake, na Brinley nyuma, kwa kuwa mama yake alikuwa kazini. Ocie alibaki nje na mtoto.

Bi. Pruitt alimkumbuka Verlene. Alisogeza bakuli la peremende.

"Bonyeza, dada."

Verlene alibonyeza kidole gumba cha kulia. Mistari ikatokea kwenye mashine, mizima, imezungukana, na taa ikawaka kijani.

"Safi sana," Bi. Pruitt alisema, na kweli alifurahi. "Nilijua tutafika. Huyu ni nani?"

"Mzee Hobart."

"Yule wa kipande. Mungu amrehemu." Aliandika, akapuliza wino. "Basi vimebaki tisa. Faili nitakuachia wazi, nisikusumbue kuanza upya. Nahitaji tu makadirio. Hivyo vingine unavitarajia lini?"

Dirisha la ofisi lilitazama maegesho ya magari. Ocie alikuwa ameegemea mlango wa gari, mkoba mikononi. Brinley alikuwa anaruka kwa mguu mmoja juu ya mistari myeupe ya lami, na kila aliporuka blauzi ilipanda mgongoni, ikashuka.

Bi. Pruitt alishika kalamu akangoja.

"Hata kwa kukisia tu, dada," alisema.

Verlene alikuwa anaangalia nje.