Hamna Haraka

Irja Salmela alikuwa amepokea simu za kampuni ya Hakala kwa miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa moja tu: kujua nani apelekewe fundi kwanza. Hapa Thunder Bay, mji wa kaskazini ya mbali, mwezi wa Januari, hilo si jambo la mchezo. Tanuru la kupasha nyumba joto likizimika, kuta zinaanza kupoa kabla hujamaliza kulalamika, na mtu anaweza kufa kwa baridi ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Kwa hiyo Glen Hakala, mwenye kampuni, alipokuja na mfumo wake mpya, Irja aliununia wiki nzima. Mfumo huo uliunganisha kila kitu: simu ya mezani, simu za mafundi wote tisa, barua pepe, ujumbe mfupi, vyote vinaingia mahali pamoja. Mteja akiacha sauti, inageuzwa kuwa maandishi, inapewa rangi, nyekundu, njano au kijani, kisha mfumo wenyewe unamtafuta fundi aliye karibu. Glen alimwambia asihofu, hafukuzwi mtu, tena yeye ndiye atakayeufundisha. Aandike tu maneno ya dharura na maneno ya kusubiri.

Akaandika, na aliandika kwa fahari, maana nani mwingine aliyajua? Mtoto mchanga, harufu ya gesi, mabomba yameganda: nyekundu. Kelele kidogo, mkipata nafasi, hamna haraka: kijani.

Na tuseme ukweli, sitausingizia mfumo kwa sababu nina huzuni. Ulifanya kazi. Mafundi waliacha kupigiana simu mara nne nne kuulizana nani yuko wapi. Wateja waliozoea kusubiri mpaka wanakata kwa hasira, sasa wanajibiwa. Dale Petrie, fundi mkongwe aliyekuwa hapatikani hata kwa mganga, alionekana kwenye ramani popote alipojificha. Irja mwenyewe alianza kula chakula chake cha mchana kikiwa bado cha moto. Akamwambia Glen, kwa shingo upande, kwamba kitu chake si kibaya. Basi siku za mwisho wa wiki, Jumamosi na Jumapili, wakaacha kuweka mtu ofisini. Mfumo upokee, fundi wa zamu apelekewe nyekundu tu.

Jumatatu moja Irja aliingia saa mbili asubuhi, nje baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, akakuta ujumbe sabini na mmoja. Nyekundu zote zimeshahudumiwa, njano zimepangwa. Akateremka kwenye kijani bila sababu yoyote, mazoea tu, na huko chini kabisa akaliona jina la Urho Lampinen.

Mzee Lampinen alikuwa na miaka themanini na miwili, amefiwa na mkewe, anaishi peke yake mwisho wa barabara ya Pohja. Ujumbe wake ulikuwa wa Jumamosi, saa kumi jioni. "Lampinen hapa. Tanuru limelala. Hamna haraka, mkipata nafasi." Alikuwa amepangiwa Jumatano, na Jumatano yenyewe ilikuwa imepigwa mstari.

Mficha uchi hazai, wanasema, lakini wazee wetu wa Kifini hapa mjini ni afadhali wazikwe hawajazaa kuliko kumsumbua mtu. Paa likiwaangukia watakuambia kulikuwa na kaupepo. Mmoja wao akisema "hamna haraka," ujue ameshavaa koti la pili. Irja ni Mfini, hilo alilijua tangu tumboni mwa mamaye. Kwa miaka ishirini na sita kila alipoyasikia maneno hayo kwa mzee wa aina hiyo alimkimbiza fundi, wala hakufikiri kwa nini. Na kwa kuwa hakuwahi kufikiri, alipopewa kalamu hakukumbuka. Aliyeyatia kwenye kijani ni yeye.

Akaisikiliza sauti yenyewe. Mzee alikuwa akigonganisha meno.

Kulikuwa na ujumbe wa pili, wa Jumapili asubuhi, sauti imekuwa nzito na ya polepole. "Lampinen tena. Naona mmezidiwa. Wahudumieni kwanza wenye watoto, mimi niacheni tu. Samahani kwa usumbufu." Mfumo uliuunganisha na ule wa kwanza, kama unavyounganisha kila kitu, ukaona mteja amesema aachwe, ukamfutia siku yake na kulifunga ombi.

Irja akapiga simu kwa mzee. Iliita mpaka ikakatika. Ramani ikamwonyesha Dale yuko dakika sita kutoka pale, akabonyeza mara moja na Dale akapokea. Hata hapo mfumo haukumwangusha.

"Dale, acha unachofanya, nenda kwa Lampinen."

"Lampinen? Si ombi lake limefungwa?"

"Nenda. Asipofungua, vunja mlango."

Kisha akakaa, mikono juu ya meza, akiomba Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye tangu Krismasi. Glen alifika, akamtazama usoni, akasimama nyuma ya kiti chake bila kuvua koti.

Dale alipopiga, alizungumza chini chini. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Mzee ameketi mezani na kofia yake kichwani, amekufa, pengine tangu jana. Gari la wagonjwa linakuja.

"Mezani kuna vikombe viwili, Irja," akasema. "Na mkate wa iliki ameukata, umeganda kwenye sahani. Alikuwa ananisubiri."

Glen akamwekea Irja mkono begani. Alimwambia asijilaumu, mfumo umefanya kile kile ulichoambiwa. Alikusudia kumfariji, maskini.

"Mimi ndiye niliyeuambia, Glen," Irja akasema, akaurudisha mdomo kwenye simu. "Dale, usimwache peke yake. Kaa naye mpaka wafike."

Irja akasikia kiti kikivutwa kwenye sakafu ya mbao, na mtu mzito akikaa. Irja naye hakukata simu.