Mikono Miwili ya Habarurema

Habarurema alipoanguka dukani kwake, upande wa kushoto umelegea na maneno yakimtoka kama ya mlevi, ukoo mzima ulifika hospitali kabla ya daktari. Na kwa kuwa hawajui kukutana kwa namna nyingine, walikaa kama siku ya posa: watu wa mume kulia kwa kitanda, watu wa mke kushoto, kila upande na msemaji wake. Nyirakamana, mkewe, alitaka tu kumshika. Akaambiwa akae kwao, kushoto.

Dokta Olivier akaja na sindano tayari. "Damu imeganda kichwani. Hii dawa inaiyeyusha, lakini haingoji. Munipe tansio yake kwanza."

Kila upande ulikuwa umeleta muuguzi wake na mashine yake, ungedhani hospitali haina. Kila mmoja akapima shinikizo la damu kwenye mkono uliokuwa karibu naye.

"Iko dix-huit!" akatangaza Niyibizi, msemaji wa mke. Kumi na nane, juu mno.

Mzee Hitimana wa upande wa mume akasimama, akakohoa kwanza. "Wageni wetu wapendwa, sisi tumepata huit, nane tu."

"Munatuita waongo?"

"Mashini yenu ndiyo iko na uongo."

Wakabadilishana mashine. Kumi na nane ikabaki kushoto, nane kulia. Ngumi zikakunjwa.

"Dokta, mupe dawa!" Nyirakamana akapiga kelele. "Mutu anakufa, hawa wanashindana!"

Olivier akainama na sindano, kisha akasita. Akaiweka chini, akashika mikono yote miwili ya mgonjwa.

"Muzee, ulisikia maumivu wapi?"

"Mugongo," Habarurema akakokoteza. "Sawa kitenge inapasuliwa."

Daktari akainuka. "Wote munasema kweli. Mushipa mukubwa wa moyo umepasuka ndani. Damu haifiki muzuri mukono ya kuume, wala kichwani. Hii dawa ingemumwaga damu yote. Anatakiwa kushonwa, ngambo ya mpaka, leo hii. Na sina ahadi."

Nyirakamana akaitazama dawa pale ilipowekwa. Ni yeye aliyeililia ile sindano.

Wasemaji, wasiojua kunyamaza, wakasimama. "Tunapokea dix-huit yenu," akasema Hitimana. "Na sisi huit yenu," akajibu Niyibizi. Watu wakapiga makofi.

Nyirakamana hakungoja hotuba. Akazunguka kitanda, akapita magoti ya wakwe, akaushika mkono wa kulia. Ulikuwa baridi.

"Hapa si kwenu," Habarurema akamtania kwa ulimi mzito.

"Ni hapa kwetu," akasema, na hakuuachia hata machela ilipokuja.