Shamba Lisilopuliziwa Dawa

Nilipata A. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani kwetu Mlandege, mjini Iringa, ndilo linalotangulia kusimuliwa. Baba yangu, mzee Shamsudin wa duka la magodoro, huwaambia wateja kabla hata hawajauliza bei: binti yangu Amna amesomea ikolojia kule Mbeya, kapata A kwenye utafiti. Mimi huinama nyuma ya magodoro nikijifanya natafuta kitabu cha risiti. Najua ile A ilitoka wapi. Ilitoka kwenye nyanya za mama Esnath wa Ilula, na nilimdanganya ili niipate.

Mwaka wa tatu kila mmoja wetu alitakiwa achukue nadharia moja ya darasani aipeleke shambani, aone kama inafanya kazi nje ya ubao. Mimi nilichagua ya walaji na waliwao. Ukiichora ni mistari miwili. Wadudu waharibifu wanapanda kwanza, kisha wale wanaowala wanapanda nyuma yao, wakiwa wamechelewa. Ukipulizia sumu unawaua wote, lakini waharibifu ndio wanaowahi kurudi. Nilitaka kuyaona hayo kwa kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya. Jina hilo walimpa wakulima wenyewe, na Ilula hakuna asiyemjua.

Msimamizi wangu alikuwa Dokta Ambokile, mtu mpole anayeongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Aliniambia nitahitaji mashamba matatu. La kwanza lipuliziwe kama kawaida. La pili lipuliziwe kidogo, lizungushiwe maua ya kuwavutia wadudu rafiki. La tatu lisipuliziwe kabisa, kantangaze afanye atakavyo, ili tuwe na shamba la kulinganishia.

"Hilo la tatu ndilo gumu," alisema. "Msomee mkulima fomu ya ridhaa yote, neno kwa neno. Akikataa, mshukuru, ondoka. Tutatafuta njia nyingine."

Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, na kuifasiri ilikuwa kazi yangu. Ilikuwa likizo ndefu, niko nyumbani, hivyo nikawa natoka Iringa mjini naenda Ilula mara mbili kwa wiki. Mkulima wa kwanza, bwana Fanueli, aliyewahi kununua godoro kwa baba, nilimfasiria yote, pamoja na aya ya tatu iliyosema kwamba shamba lisilopuliziwa linaweza kuharibika lote, na kwamba mkulima ana haki ya kujitoa siku yoyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Binti, hayo majaribio kafanyie dukani kwa baba yako. Choma godoro moja kwanza, na sisi tuone!"

Akakubali lile shamba la kawaida. Jirani yake akakubali la maua. La tatu kila niliyemsomea alitikisa kichwa. Hasira zilinipanda, na mimi hasira zangu ziko karibu. Wenzangu walishaanza kuhesabu wadudu wao, wanatuma picha kwenye grupu, na mimi ni mtu niliyezoea kushika namba moja tangu darasa la pili. Sikuwa tayari kushindwa kwa sababu ya aya moja.

Kesho yake nikaenda kwa mama Esnath. Ni mjane, mama wa makamo, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mwenye robo ekari kando ya mfereji. Nyanya zake huziuza mwenyewe barabarani kwa abiria wa mabasi, na kwa msimu mzima ndizo zinazomlisha.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimia Kihehe. "Pita ndani, jua kali hili."

Aliposikia naitwa Amna aliingia jikoni akatoka na sufuria mpya, bado ina karatasi ya dukani. "Mimi hapa nafuga nguruwe na nawapika," alisema. "Hii niliinunua mnadani, haijagusa kitu. Ukija, chakula chako nitapikia humu." Nilikuwa sijamaliza hata robo saa nyumbani kwake.

Nikamsomea fomu. Aya ya kwanza, aya ya pili, kisha ya nne. Sikusita wala sauti haikutetemeka. Niliiruka ile ya tatu kama mtu anavyoruka dimbwi. Kisha nikaongeza la kwangu: "Wewe usipige dawa tu, mama. Kuna wadudu rafiki, watakuja wenyewe wawale kantangaze."

"Wapo kweli?"

"Wapo, mama."

Hilo lilikuwa kweli. Nadharia ilisema hivyo, nami niliiamini. Ila nilijua pia kwamba huchelewa, na hilo nililifungia mdomoni. Mama Esnath akaandika jina lake, herufi moja moja, akanigeuzia karatasi akaniuliza kama limekaa vizuri.

Wiki ya nne majani yalianza kutoka madoa meupe, ukiyainua kwenye mwanga unamwona kiwavi ndani. Nilimkuta mama Esnath amesimama kichwani mwa shamba, bomba la dawa liko miguuni.

"Mwanangu, hawa wanazidi. Nipige kidogo tu, huku pembeni?"

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: piga, mama, ni haki yako. Hata sasa nikikumbuka najisikia joto usoni. Nilisema, "Vumilia wiki mbili, mama. Ukipiga sasa utawaua rafiki wakiwa njiani."

Akalirudisha bomba stoo. Majirani walipomshangaa aliwajibu, "Nyie pigeni. Mimi nina mtaalamu wangu." Alilisema kwa maringo, nikiwa nimesimama pale pale.

Wiki ya saba wakaja. Nilifunua jani nikawaona, vidudu vyembamba vya kijani vinavyofyonza mayai ya kantangaze, kumi, kumi na tano, kila shina nililolishika. Ule mstari wa pili wa kwenye mchoro ulikuwa unapanda mbele ya macho yangu. Nilipiga kelele kama niliyeshinda bahati nasibu. Nilipiga picha, nikahesabu, nikaandika, nikahesabu tena. Mama Esnath alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga.

"Wamekuja?"

"Wamekuja, mama! Angalia!"

Akaangalia, akacheka na yeye, akanishika bega. "Kwa hiyo zitapona?"

Nikatazama nyanya kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hapakuwa na tunda zima. Kila moja lilikuwa na tundu karibu na kikonyo, mengine yanaoza yakiwa bado mabichi. Nilikuwa nimezipita siku zote hizo kama mtu anayepita ukuta.

"Tutaona, mama," nikasema.

Aliona yeye. Alizichuma zote akawapa nguruwe. Msimu ule alikaa barabarani akiuza nyanya za Fanueli kwa sado, vile vindoo vya kupimia, nyanya za mtu mwingine, sauti yake ya kwaya ikiwaita abiria. Siku moja nilimwona kupitia dirisha la basi. Nilijifunika mtandio usoni nikajifanya nimelala.

Niliandika ripoti. Grafu zilitoka safi mno, na lililozipendezesha ni shamba lake. Bila hasara ile nisingekuwa na kitu cha kuonyesha.

Miezi miwili baadaye Dokta Ambokile akasema matokeo lazima yarudi kwa waliotoa mashamba. Nilijaribu kumzuia. Nikasema wakulima wana kazi, nikasema mvua. Hakusikia. Tukakutana ofisi ya kijiji, watu kama thelathini, mama Esnath benchi la mbele na kitenge cha kanisani. Dokta akaonyesha picha ukutani, zamu ya shamba la tatu ikafika.

"Hili tuliliacha bila dawa," akasema kwa upole wake ule, "ili tujue kantangaze akiachwa mwenyewe hasara inafika wapi. Na tulijua inaweza kufika mpaka mwisho."

Nilimwona mama Esnath akisogeza kichwa mbele. Ni shamba lake, analijua hata kwa mti uliokuwa pembeni ya picha.

"Mama Esnath!" Fanueli akapaza sauti kutoka nyuma. "Mimi nilisomewa hilo nikakataa! Kumbe wewe ulikubali?"

Watu wakacheka. Dokta hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia yeye. "Mama, ulisomewa kwamba linaweza kuharibika lote?"

Masikio yangu yaliwaka. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Nilikuwa na miguu miwili mizima. Nilikaa.

"Nilisomewa," mama Esnath akasema. "Vizuri tu."

Dokta akamshukuru kwa kujitolea, akawaomba watu wampigie makofi. Wakapiga. Na mimi nikapiga. Hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko yote, kuliko hata ile aya: nilimpigia makofi.

Baada ya mkutano nilimfuata nyumbani. Alikuwa ameshabadili nguo, anachanganya dawa kwenye ndoo. Nilipiga magoti kwenye udongo nikamwambia yote, aya ya tatu, haki ya kujitoa, zile wiki mbili. Nililia. Hakunyanyua macho.

"Inuka, binti, majirani wanaona."

Tangu nimjue alikuwa ananiita mwanangu.

"Mama, umenificha mbele ya watu wote. Acha nikamwambie Dokta ukweli."

"Nikufiche wewe?" Sasa akanitazama. "Nilijificha mimi. Nilitangaza kijiji kizima kwamba nina mtaalamu wangu. Leo niseme nini, kwamba mtoto wa juzi alinidanganya na mimi mtu mzima? Fanueli atanicheka mpaka kaburini. Ukimwambia huyo Dokta wako, atakuja hapa kuniomba radhi na gari lao, na wote watajua. Usithubutu."

Nikainuka, nikapangusa udongo magotini. Kuungama nako, nilikokuja nako kama zawadi, kulikuwa ni kwa ajili yangu.

Alikoroga dawa kwa kijiti, akamimina kwenye bomba. Shambani miche ya msimu mpya ilikuwa imefika magotini.

"Ila nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Wale wadudu rafiki. Ni kweli wanasaidia, au na hao ulinidanganya?"

Nikamweleza yote, bila kuruka kitu. Kwamba wanasaidia lakini huchelewa. Kwamba ukipanda maua pembeni watawahi kuwepo, ukapiga dawa kidogo tu pale panapozidi, kama shamba la maua lilivyofanya, likavuna karibu sawa na la Fanueli kwa nusu ya sumu. Kwamba miche hii ikipigwa sana tangu sasa, atakuwa anapiga mpaka siku ya kuvuna. Katika miaka yangu mitatu ya chuo sijawahi kueleza kitu vizuri kiasi kile, na kila neno lilikuwa la kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unaongea vizuri," akasema. "Na siku ile uliongea vizuri hivi hivi."

Akalivaa bomba mgongoni, akafunga kitambaa puani.

"Msimu huu napiga mara mbili kwa wiki. Sogea kule, binti, itakuingia machoni."

Nikasogea, akaanza kupiga, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.