Kesi ya Watu Watatu

Neno hilo lilimlisha Ambroise kwa miaka kumi na mitatu, na mwaka ule likataka kumla.

Ni neno la Kiingereza, fupi, lisilo na sura ya kutisha: kesi. Kila asubuhi Ambroise alikaa kwenye benchi la ubao mbele ya duka la Mhindi, Old Kampala, mkabala na ofisi ya wakimbizi, kalamu sikioni na kamusi isiyo na jalada mapajani. Wakongo wenzake wakamjia mmoja mmoja ili awaandikie kwa Kiingereza yale yaliyowapata kwa Kiswahili. Hakuna shule iliyompa lugha ile. Aliinyang'anya kamusi ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayevunja mawe, na jambo hilo alitembea nalo kifua mbele.

"Sikilizeni," aliwaambia wageni waliotoka mpakani juzi. "Huku ukipelekwa polisi, una kesi. Ukilazwa hospitali, daktari hasemi yule mzee wa kitanda cha sita, anasema kesi ya kitanda cha sita. Kiboksi cha miwani nacho kesi. Na Mwingereza akibeba mwavuli siku ya jua kali, ukimwuliza wa nini, atakwambia ameubeba 'in case', yaani endapo tu."

"Kumbe mwavuli nao umeshtakiwa?" aliuliza mama mmoja wa Rutshuru, na benchi zima likacheka.

"Umeshtakiwa na mvua, mama. Lakini kesi yenu ninyi ni hii." Akainua faili. "Hii ni watu. Baba, mama, watoto, wote walioandikwa chini ya namba moja. Mnangoja pamoja, mnahojiwa pamoja, mnapanda pamoja ndege ya kuhamia ng'ambo. Mmoja akikwama, wote mmekwama."

Kesi yake yeye ilikuwa na watu watatu: yeye, mkewe Séraphine, na binti yao Olivia wa miaka kumi na saba. Faili lao lilikuwa limelala miaka kumi na miwili hadi macho ya Olivia yalipoliamsha. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuzimika. La kulia lilikuwa likiingia ukungu, na madaktari waliandika kwamba upasuaji wa huko ng'ambo ungeweza kuliokoa, iwapo msichana angefika kabla ya mwaka kwisha. Faili likapanda juu. Wakahojiwa, wakapigwa picha, wakatolewa damu. Damu ndiyo iliyosema kwamba figo za Séraphine zimechoka.

Sasa aliunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, na mtu wa mashine hapandishwi ndege. Barua ikaja, mistari minne: kesi yenu imesimamishwa mpaka hali ya mgonjwa itulie. Ambroise aliisoma kwa sauti chumbani kwao Nsambya, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Haikuwa na nafuu katika lugha yoyote.

"Hali yangu haitatulia," alisema Séraphine. Alikuwa amekaa kitandani, kitenge kimemzunguka mabegani ingawa jua lilikuwa linachoma mabati. "Daktari amenieleza. Hii si malaria."

"Tutangoja."

"Na jicho la mtoto umeliambia lingoje?"

Mlangoni, Olivia alikuwa akianika nguo, akiitafuta kamba kwa vidole.

"Baba Olivia, nitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Kwenye kesi. Usijifanye hujui. Wewe ndiye mwalimu wao."

Alijua. Kila aliyewahi kukalia lile benchi alijua. Njia ya upesi ya kumtoa mke kwenye kesi ilikuwa moja tu, kuachana. Mume na mke wakisema mbele ya ofisa kwamba ndoa imekufa, kesi hupasuliwa mbili, na ile isiyo na kizuizi ikaendelea na safari. Ombi la kutenganishwa kwa ajili ya ugonjwa lilizungushwa meza hadi meza mwaka mzima. Kuachana kulimalizika siku moja. Watu waliopendana kama ulimi na mate waliachana pale kwenye karatasi, wakatoka nje wakalia, mmoja akaenda.

Ambroise hakuwahi kuandika barua ya namna hiyo. Miaka miwili nyuma Esperance, binamu ya mkewe, alimpigia magoti amwandikie, ili mumewe aliyekuwa amekwama abaki, yeye na watoto watangulie. Ambroise alimfukuza mbele za watu. "Kalamu yangu haizini," alimwambia. Maneno hayo yalimpendeza sana, akayarudia wiki nzima. Esperance na watoto wake walikuwa Bwaise mpaka leo, katika chumba ambacho mvua ikinyesha maji huingia bila kupiga hodi.

"Miaka ishirini na minne," alisema Ambroise. "Nilikubeba mgongoni siku tatu ukiwa na homa, risasi zinalia nyuma yetu. Leo niende nikaseme kwa mdomo huu kwamba nimekuacha?"

"Hutasema. Nitasema mimi kwamba nimekuacha wewe."

"Séraphine."

"Una kiburi, mume wangu. Mimi nilikipenda. Niliwaambia dada zangu, mtazameni yule maskini, anatembea kama mwenye ng'ombe mia. Lakini kiburi hakimfanyii mtoto upasuaji."

Siku tatu hakusema naye ila salamu. Siku ya nne Olivia alimimina chai ya moto, akaimimina mkononi badala ya kikombeni. Hakulia. Aliuficha mkono nyuma, akasema, "Ni mvuke tu, Baba." Ambroise akaushika ule mkono, akautia ndani ya maji, akaushikilia humo kwa muda mrefu. Kisha akatoa kalamu sikioni. Hakuwahi kuandika barua fupi kama ile.

Uongo nao hutaka nyumba ya kukaa. Maofisa walikuwa na desturi ya kutembelea watu makwao bila taarifa, kwa hiyo ilibidi Séraphine ahame. Esperance alikuja mwenyewe kumchukua. Alifunga godoro kwa kamba, akapanga sufuria mbili na dawa ndani ya beseni, akajitwisha. Mlangoni akageuka.

"Shemeji," alisema taratibu, "kalamu imezini?"

"Imezini," alijibu Ambroise.

Esperance alikuwa amekuja na maneno mengine, lakini alipomtazama usoni aliyarudisha. "Nitamtunza," alisema, akaenda.

Siku ya ofisi walifika kila mmoja kwa njia yake, Olivia akiwa na baba yake. Getini alisimama Oloya, askari wa Kiacholi mwenye Kiswahili cha kuokoteza, aliyemjua Ambroise tangu siku za mwanzo.

"Mwalimu, leo iko na kesi ya nani?"

"Yangu."

"Hata wewe iko na kesi?" Oloya alicheka, kisha akamwona Séraphine akija peke yake upande wa pili wa barabara, akisimama kila baada ya hatua kumi. Zamani Séraphine alikuwa akimuuzia mke wa Oloya vitenge. Kicheko kikamkauka. "Na mama, mbona natembea mbali hivyo?"

"Tumeachana," alisema Ambroise. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo.

Oloya alimpima kutoka viatu hadi kofia. "Bibi nagonjwa, wewe naacha yeye," alisema. "Na sisi naita wewe mwalimu."

Ambroise alipita getini kichwa chini.

Walimwacha Olivia barazani, wakaingia. Ofisa, mwanamke aliyeitwa Loice, alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kusikia mengi. Sheria haikumruhusu Ambroise kutafsiri kesi yake mwenyewe, basi pembeni ya meza alikaa Pitshou, kijana ambaye Ambroise mwenyewe alimfundisha kazi, kwenye benchi lile lile. Usiongeze, usipunguze, alikuwa akimwambia. Mtu akitukana, tukana. Akilia, usimlilie.

Séraphine alikaa wima. "Mimi nimemwacha huyu mwanamume," alisema. "Tangu mwezi wa tatu. Ni mtu wa maneno mengi na mikono mitupu. Nimechoka naye."

Pitshou alimtazama mwalimu wake. Kisha akatafsiri. Hakuongeza, hakupunguza. Maneno mengi yakawa mengi, mikono mitupu ikawa mitupu, na Ambroise akaachwa na mkewe mara mbili kwa dakika moja. Kiingereza kilikuwa safi. Hakupata hata kosa moja la kujishikiza.

"Na mtoto?" aliuliza Loice.

"Aende na baba yake. Sitamwita."

Loice aliweka kalamu chini. Macho yake yalishuka hadi kwenye mkono wa Séraphine, penye plasta mahali sindano za mashine zilipoingia jana. "Mama, hospitali anakupeleka nani?"

"Najipeleka."

"Na huyu, hakukupiga? Hakukufukuza?"

"Huyu?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Séraphine iliteleza. "Huyu hajawahi kunigusa kwa ubaya. Nimemchoka tu. Mtu hachoki?"

Loice aliishika tena kalamu. Kama alijua, na huenda alijua, hakukuwa na mahali kwenye fomu pa kuandika alichokijua. Akamgeukia Ambroise, akamwuliza kwa Kiingereza kama anakubaliana na maelezo ya mkewe.

Ambroise alifungua kinywa. Kamusi nzima ilikuwa imemkimbia. Alitafuta neno moja tu, lile dogo wanaloanza nalo watoto wa chekechea, hakuliona.

"Ndiyo," alisema kwa Kiswahili.

Pitshou akamtafsiria.

Loice aliandika. Kesi ya watu wawili, alisema, itaendelea. Wangepigiwa simu kabla ya mwezi kwisha. Akachukua karatasi nyingine, akaigonga mhuri. Hii ni kesi ya mtu mmoja. Séraphine aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto, akashukuru, akatoka kwanza.

Dirisha la Loice lilitazama uani, kwa hiyo Ambroise hakumfuata. Alikaa kwenye benchi la barazani kando ya Olivia. Jicho la msichana lilikuwa limeelekezwa upande wa ngazi, ambako lisingeweza kuona kitu zaidi ya mwanga.

"Baba, Mama yuko wapi?"

"Anashuka ngazi."

"Ameshika ukuta?"

"Ameshika. Amesimama ngazi ya tatu, anavuta pumzi. Oloya amemwendea. Amempa mkono."

"Asimharakishe."

"Hamharakishi. Wamefika getini. Oloya anamwitia boda, anamwambia kijana aende polepole. Mama anakunja kitenge apande."

"Ametazama nyuma?"

Walikuwa wamekubaliana asitazame. Ambroise aliiona shingo yake imekaza, kama ya mwanamke mwenye ndoo iliyojaa kichwani.

"Hapana."

"Afadhali," alisema Olivia. "Angetazama, ningemwita."

Boda ikaondoka. Ilipita lori la matofali, ikakata kona, ikapotea. Olivia alimshika baba yake mkono wa shati.

"Sasa yuko wapi?"

"Anapita chini ya msikiti," alisema Ambroise, akiitazama barabara tupu. "Sasa anateremka. Kijana anaendesha vizuri, anakwepa mashimo. Kitenge hakijagusa gurudumu. Sasa wamesimama, ng'ombe wanavuka. Sasa wanaendelea." Na akaendelea kumsimulia hivyo, mtaa kwa mtaa, polepole, mpaka Bwaise.