Rafu ya Kijani

Mwaka 1966, Dokta Laban alipojenga kliniki ya macho mjini Tororo, alimwita Specioza wa kijiji cha Kwapa aje kuipaka rangi. Mafundi wa kwanza walikuwa wamezing'arisha kuta kwa rangi nyeupe ya mafuta, na wagonjwa wakiingia tu, machozi yaliwachuruzika. Specioza akazifunika kwa kijani kilichopauka, akatundika mapazia ya kitambaa cha marekani madirishani, kisha akachora mstari mpana wa buluu kutoka mlangoni hadi kwa daktari, ili asiyeona vizuri aufuate.

Siku ya tatu aliingia Etyang, dresa mkuu, yaani msaidizi wa daktari anayewatia wagonjwa dawa. Specioza akamtambua mara moja. Miaka minane nyuma, katika zahanati ya kijijini kwao, huyo ndiye aliyemtia mama yake, Benedeta, dawa iliyomuunguza macho yote mawili. Kisha akatangaza kwamba mama huyo alijipaka dawa za kichawi. Benedeta akapofuka, na majirani wakamkwepa.

Etyang hakumtambua binti. "Hii kijani nzuri," alisema, akigonga kopo la rangi nyekundu.

Kutwa nzima Specioza alimjaribu: nipe kitambaa chekundu, nipe cha kijani. Dresa alikuwa akibahatisha tu. Specioza akakumbuka kwamba chupa za dawa katika zahanati ya kijijini zilitofautishwa kwa rangi ya vizibo tu.

"Dokta, tupake rangi rafu za dawa," akamwambia Laban. "Kijani iwe ya macho, nyekundu ya kusafishia vyombo. Kwanza nitaweka chupa za maji matupu, tuwajaribu wafanyakazi."

Asubuhi iliyofuata wauguzi walikusanyika mbele ya rafu zilizokwisha kupakwa. "Etyang, nipe chupa ya rafu ya kijani," daktari akasema.

Etyang akanyoosha mkono kwenye nyekundu.

"Hiyo ni nyekundu, mzee," alisema Specioza. "Kama ile uliyomtia mama yangu, Benedeta wa Kwapa."

Daktari alimrudisha rafuni mara tano. Mara tatu alikosea.

"Ulijua kwamba huzitofautishi rangi?" Laban akauliza.

"Tangu utotoni. Ningesema, nani angenipa kazi?"

"Na mama yangu?" Specioza akauliza.

Etyang alitazama sakafu. "Nilijua siku ileile kwamba nimekosea chupa."

Alifukuzwa kazi. Watu wakamsihi Specioza asamehe, mtu amekwisha aibika. Lakini baada ya miezi miwili akasikia kwamba Etyang amefungua kibanda Busia, anauza dawa za macho. Siku ya soko akapanda basi na mama yake.

Mbele ya wateja alieleza yote, polepole, bila kupaza sauti. Etyang hakukana neno. Benedeta akauliza chupa ziko wapi. Binti akamshika mkono, akamwelekezea fimbo yake mezani. Mama akazisukuma zikaanguka, moja baada ya moja, akisikiliza kila mpasuko.

"Zimebaki?" akauliza.

"Ziko za rafu ya juu, mama."

"Nisogeze."